Wimbi Huporomoka, au Hupunguzwa Daftarini?

Mwaka 1989 Akira Tonomura na wenzake katika maabara ya kampuni ya Hitachi nchini Japani walichapisha picha tano ambazo, kwa maoni yangu, zinafundisha fizikia ya kwantamu kuliko kurasa nyingi za hesabu. Walirusha elektroni ndani ya kifaa kinachoipa kila moja njia mbili za kupita, kisha wakaziacha zigonge kioo kinachotoa doa dogo la mwanga kila elektroni inapofika. Zilirushwa kwa uchache kiasi kwamba, kwa kawaida, moja ilikuwa imeshafika kabla ya inayofuata kuanza safari. Katika picha ya kwanza madoa ni kama kumi tu, yametawanyika ovyo kama punje za mtama zilizomwagika sakafuni. Yanapofika 200 bado hakuna mpangilio unaoonekana. Kwenye 6,000 jicho linaanza kushuku jambo, na kwenye 140,000 kioo kizima kimejaa milia, mwanga na giza, mwanga na giza, kama inavyotokea pale mawimbi mawili yanapokutana yakaongezana nguvu mahali fulani na kufutana mahali pengine.

Milia hiyo haielezeki kwa kudhani kwamba kila elektroni ilipita upande mmoja kama jiwe lililorushwa, na upande wa pili haukuwa na habari nayo. Ukiuziba upande mmoja, milia hutoweka. Lakini pia hakuna aliyewahi kuona nusu ya elektroni ikigonga kioo. Kinachosafiri kina tabia ya wimbi lililotanda pande zote mbili, ilhali kinachofika ni doa moja, mahali pamoja. Vitabu vingi hulivuka pengo hili kwa sentensi moja: wakati wa kipimo, wimbi "huporomoka". Sentensi hiyo imezua ugomvi wa karibu miaka mia moja, na sehemu kubwa ya ugomvi huo ni kutokubaliana kama neno lile linataja tukio lililotokea ulimwenguni au badiliko tu la hesabu zetu.

Tuanze na hesabu zenyewe, kwa kuwa juu yake hakuna ugomvi. Mwaka 1926 Erwin Schrödinger alitoa mlingano unaoeleza jinsi fanksheni ya wimbi, inayoandikwa kwa herufi ya Kigiriki psi, inavyobadilika kadiri muda unavyokwenda. Mlingano huo hauna bahati nasibu hata chembe: ukijua wimbi lilivyo sasa, unajua litakavyokuwa baadaye. Una pia tabia moja ambayo ndiyo chanzo cha taabu yote tutakayoieleza. Ikiwa "elektroni imepita kushoto" ni hali inayoruhusiwa, na "elektroni imepita kulia" ni hali inayoruhusiwa, basi jumla ya hali hizo mbili nayo inaruhusiwa, na mlingano utaibeba jumla hiyo mbele bila kuchagua upande. Jumla ya namna hiyo nitaiita jumlisho. Mwaka huohuo Max Born alieleza namna ya kuunganisha wimbi na madoa: wimbi hutupa uwezekano wa kuikuta elektroni mahali fulani. Inapendeza kujua kwamba katika makala yake ya kwanza Born alichukua ukubwa wa wimbi wenyewe kuwa ndio uwezekano, kisha, wakati wa kusahihisha prufu, akaongeza tanbihi kwamba kwa usahihi zaidi ni kipeo cha pili cha ukubwa huo. Tanbihi hiyo ndiyo kanuni inayotumika hadi leo, na kazi hiyo ya kitakwimu ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1954.

Jumlisho lisichanganywe na kutojua. Ukifunika sarafu kwa kifuu cha nazi, huenda usijue kama imelala kichwa au mwenge, lakini upande mmoja tayari uko juu, na ukifunua unagundua tu kilichokuwapo. Elektroni za Tonomura haziko hivyo. Laiti kila moja ingekuwa imepita upande mmoja tusioujua, tungepata marundo mawili ya madoa yaliyowekwa pamoja, wala si milia. Milia ni ushahidi kwamba njia zote mbili zilichangia.

Aliyeuanika mshono wa nadharia hii waziwazi ni John von Neumann, katika kitabu chake cha mwaka 1932 kuhusu misingi ya kihisabati ya kwantamu. Alionyesha kwamba wanafizikia wanatumia kanuni mbili tofauti za mabadiliko. Kifaa kikiachwa peke yake, wimbi hufuata mlingano wa Schrödinger, polepole na bila bahati. Kipimo kinapofanyika, wimbi hurukia ghafla moja ya hali zinazowezekana, na hali ipi itatokea ni suala la bahati kwa kanuni ya Born. Kasoro ni kwamba nadharia haisemi kipimo ni nini. Kioo cha Tonomura kimeundwa kwa atomu, na atomu zinafuata mlingano wa Schrödinger. Kwa nini basi kanuni ya kwanza ikome pale elektroni inapogusa kioo?

Hapa maneno yenyewe yana hadithi. Werner Heisenberg, katika makala yake ya mwaka 1927, hakusema wimbi linaporomoka, bali alizungumzia kupunguzwa kwake, *Reduktion* kwa Kijerumani. Kiswahili kinatusaidia kuona umbali uliopo kati ya vitenzi hivyo viwili. Ukuta huporomoka, na vumbi huonekana hata kama hakuna mtu karibu. Deni hupunguzwa, na anayelipunguza ni mwenye daftari, kwa sababu amepata taarifa mpya. Msomaji akiishika tofauti hiyo, nusu ya fundo imefunguka, kwani kila tafsiri ya kwantamu, yaani kila maelezo ya nini hasa hesabu hizi zinamaanisha, ni jibu la swali hili: je, pale kiooni kuna ukuta ulioanguka, kuna mstari uliofutwa daftarini, au hakuna kati ya hayo mawili?

Ukali wa swali aliuonyesha Schrödinger mwenyewe mwaka 1935 kwa kisa cha paka, kisa ambacho kimegeuzwa kuwa pambo la fulana wakati kilikusudiwa kuwa kejeli. Paka amefungiwa ndani ya kisanduku pamoja na kipande kidogo cha madini yenye mnururisho. Atomu moja ikivunjika, nyundo inapasua chupa ya sumu. Atomu iko katika jumlisho la "imevunjika" na "haijavunjika". Mlingano hauchagui, kwa hiyo nyundo nayo inaingia katika jumlisho, chupa vivyo hivyo, na mwishowe paka. Schrödinger hakuwa anatangaza kwamba kuna paka aliye hai na mfu kwa wakati mmoja. Alikuwa anawauliza wenzake ni wapi katika mnyororo ule wanadhani mlingano wake unaacha kufanya kazi.

Mwanafalsafa Tim Maudlin aliliweka tatizo hili vizuri mwaka 1995. Kuna kauli tatu ambazo kila moja inavutia: kwamba fanksheni ya wimbi inaeleza kila kitu kilichopo, kwamba hufuata mlingano wa Schrödinger siku zote, na kwamba kila kipimo kina jibu moja. Zote tatu haziwezi kuwa kweli kwa pamoja. Mtu anayesema amelitatua tatizo bila kueleza ni kauli ipi anaitupa, mwache aendelee na hotuba yake.

Tafsiri inayotajwa kwanza vitabuni ni ile ya Copenhagen, na ndiyo ngumu kuliko zote kuieleza, kwa sababu si moja. Jina lenyewe lilienea miaka ya 1950, Heisenberg alipoanza kulitumia, kana kwamba yeye na Niels Bohr, mwanafizikia wa Copenhagen nchini Denmark, walikuwa na fundisho moja tangu mwanzo. Bohr kwa kweli hakuzungumza sana habari za wimbi kuporomoka. Alichosisitiza ni kwamba matokeo ya jaribio lazima yaelezwe kwa lugha ya kawaida ya vifaa, sindano na madoa, na kwamba haina maana kuuliza elektroni ilikuwa na sifa gani bila kutaja kifaa kizima kilichoandaliwa kuipima. Wimbi, kwa mtazamo huo, ni chombo cha kukokotoa. Msimamo huu ni wa heshima, na umewawezesha watu kutengeneza transista na leza bila kupoteza usingizi. Lakini unahitaji mpaka kati ya kifaa na kinachopimwa, na mpaka huo hauchorwi na nadharia bali na mwanafizikia, mahali panapomfaa.

Pengo hilo ndilo lililowapa wengine nafasi ya kuingiza fahamu ya mwanadamu. Eugene Wigner aliandika mwaka 1961 kwamba huenda mnyororo wa jumlisho unakatika pale unapofika kwenye fahamu ya mtu. Wazo hilo limesafiri mbali, hadi kwenye mahubiri na matangazo ya dawa za kujitibu kwa fikra, lakini wanaolibeba huwa hawataji kwamba Wigner mwenyewe alikuja kuliacha. Kioo cha Tonomura kiliweka madoa bila kujali kama mafundi walikuwa wanakitazama au wamekwenda kunywa chai.

Jambo lililoondoa haja ya mtazamaji wa aina hiyo ni dikoherensi, iliyofafanuliwa na H. Dieter Zeh mwaka 1970 na kuendelezwa na Wojciech Zurek mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kitu kikubwa hakiachwi kamwe peke yake. Molekuli za hewa zinakigonga, mwanga unakiparuza, na kila mguso unaondoka na taarifa kuhusu mahali kilipo, hadi uhusiano kati ya sehemu za jumlisho unatapakaa katika mazingira yote na hauwezi tena kukusanywa ili utoe milia. Si nadharia tupu. Mwaka 1996 kundi la Serge Haroche mjini Paris lilifungia fotoni chache, yaani chembe za mawimbi ya aina ya mwanga, kati ya vioo viwili vya metali iliyopozwa mno, likatengeneza jumlisho la hali mbili za mawimbi hayo, kisha likapima jinsi dalili za jumlisho zilivyofifia kidogo kidogo. Kadiri hali mbili zilivyotofautiana, ndivyo zilivyofifia haraka. Haroche alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2012 pamoja na David Wineland.

Wengi huishia hapo na kusema tatizo limekwisha. Halijaisha. Dikoherensi inaeleza kwa nini hatuoni milia ya paka, na kwa nini jumlisho la kitu kikubwa linaonekana, kwa vipimo vyote tunavyoweza kufanya, kama sarafu iliyo chini ya kifuu. Kuonekana kama sarafu si kuwa sarafu. Hesabu bado imebeba majibu yote mawili na haijachagua.

Njia mojawapo ya kutoka ni kusema kulikuwa na sarafu tangu mwanzo. Louis de Broglie alileta wazo la namna hiyo kwenye mkutano wa Solvay mjini Brussels mwaka 1927, akapingwa, akaliweka kando. Mwaka 1952 David Bohm alilifufua katika makala mbili alizozichapisha akiwa São Paulo, Brazili, alikokwenda baada ya kukataa kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyowasaka wakomunisti na baada ya Chuo Kikuu cha Princeton kutomwongezea mkataba. Katika nadharia hii elektroni ni chembe yenye mahali pake halisi kila wakati, na wimbi ni kitu kingine kinachoiongoza, kama mkondo wa maji unavyoongoza kifuu kinachoelea. Kila elektroni ya Tonomura ilipita upande mmoja tu. Wimbi lake ndilo lililopita pande zote mbili, nalo likaiongoza kuelekea maeneo ya mwanga. Kwa hiyo hakuna kinachoporomoka. Sehemu ya wimbi isiyobeba chembe inaachwa tupu, na kwa hesabu za vitendo inaweza kufutwa daftarini.

Nadharia hii inatoa matokeo yaleyale kwa kila jaribio la kawaida, na kuwapo kwake tu kunakanusha kauli iliyorudiwa kwa miaka mingi kwamba jambo kama hilo haliwezekani. Gharama yake ni kwamba mwendo wa chembe moja unategemea mahali zilipo chembe nyingine papo hapo, hata zikiwa mbali namna gani. John Bell, mtu wa Belfast aliyefanya kazi CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, aliisoma kazi ya Bohm na kujiuliza kama gharama hiyo inaepukika. Jibu lake la mwaka 1964 ni miongoni mwa mambo makubwa ya fizikia ya karne ile: nadharia yoyote ambamo vipimo viwili vya mbali vina majibu yaliyoamuliwa na sababu za karibu yao tu, na ambamo mpimaji anachagua kwa uhuru cha kupima, lazima itii kikomo fulani, na kwantamu inakivuka. Katika umbo linalotumika sana maabarani kikomo ni 2, na kwantamu inaruhusu hadi takriban 2.83. John Clauser alilijaribu hilo mwaka 1972 pamoja na Stuart Freedman, Alain Aspect mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 2015 kundi la Delft nchini Uholanzi lilipata 2.42 kwa elektroni zilizotenganishwa kwa kilomita 1.3. Clauser, Aspect na Anton Zeilinger walitunukiwa Nobel mwaka 2022. Mara nyingi huandikwa kwamba majaribio haya yalimshinda Bohm. Sivyo: yalizishinda nadharia za sababu za karibu, na ya Bohm haikuwa mojawapo. Bell mwenyewe aliitetea hadi alipofariki mwaka 1990.

Hugh Everett, mwanafunzi wa John Wheeler huko Princeton, alikwenda upande wa pili kabisa. Katika tasnifu yake ya mwaka 1957 aliuliza: itakuwaje tukiuamini mlingano wa Schrödinger hadi mwisho, bila kanuni ya pili? Mnyororo wa paka hauna pa kukatika. Mtu anayefungua kisanduku naye anaingia katika jumlisho, mmoja akimwona paka hai, mwingine akimwona mfu, na kwa sababu ya dikoherensi wawili hao hawawezi tena kukutana. Kauli inayotupwa ni ya tatu: kipimo hakina jibu moja, kina yote, kila moja katika tawi lake. Jina la walimwengu wengi alilieneza Bryce DeWitt mwaka 1970. Everett alikuwa ameshaondoka katika fizikia, akifanya hesabu za silaha kwa ajili ya Pentagon, na alifariki mwaka 1982 akiwa na miaka 51.

Watu hucheka kwanza wingi wa walimwengu, lakini mimi sioni kwamba hapo ndipo penye udhaifu. Mlingano unazaa matawi hayo bila kuongezewa chochote. Udhaifu uko kwenye kanuni ya Born. Ikiwa majibu yote yanatokea kwa hakika, maana yake nini kusema jibu hili lina uwezekano wa asilimia 90? David Deutsch na wengine wamejaribu kuipata kanuni hiyo kutokana na namna mtu mwenye busara anavyopaswa kuweka dau, na mjadala kama wamefaulu unaendelea.

Wapo pia wanaoshika daftari kwa mikono miwili. Christopher Fuchs na Rüdiger Schack, waasisi wa mtazamo uitwao QBism, wanasema fanksheni ya wimbi ni matarajio ya mtu binafsi kuhusu kitakachompata, kwa hiyo kupunguzwa kwake ni sawa na mtu kubadili mawazo baada ya kuona. Carlo Rovelli, tangu mwaka 1996, anashikilia kwamba sifa za kitu zipo tu kwa kulinganisha na kitu kingine, na kingine hicho si lazima kiwe mtu. Mitazamo hii inaepuka mafumbo mengi kwa kukataa kusema elektroni ikoje pasipo mwenzake, na msomaji ataamua kama huko ni unyenyekevu au ni kukwepa. Makubaliano hayapo hata kwa wataalamu: Maximilian Schlosshauer na wenzake walipowauliza watu 33 kwenye mkutano nchini Austria mwaka 2011, asilimia 42 walichagua Copenhagen, 18 walimchagua Everett, na hakuna hata mmoja aliyemchagua Bohm.

Imebaki familia moja, na ndiyo pekee inayolichukua neno kuporomoka kwa maana yake ya ukuta. Mwaka 1986 Giancarlo Ghirardi, Alberto Rimini na Tullio Weber walipendekeza kwamba mlingano wa Schrödinger una kasoro ndogo: kila chembe, kwa bahati tu, hushtuka mara moja moja, na wimbi lake hujikusanya ghafla katika eneo la upana wa takriban sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Kwa chembe moja mshtuko huo hutokea mara moja katika miaka milioni mia tatu hivi, ndiyo maana elektroni ya Tonomura inasafiri salama na milia yake inabaki. Lakini sindano ya kifaa ina chembe kama laki moja mara bilioni mara bilioni, zote zikiwa zimefungamana. Moja ikishtuka, zote zinafuata, na mishtuko inafikia mamilioni kila sekunde. Paka hapati nafasi ya kukaa katika jumlisho, awe anatazamwa au la. Ghirardi alifanya kazi Trieste, mji wenye kituo cha kimataifa cha fizikia kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964, ambacho leo kina taasisi dada mjini Kigali. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki hana haja ya kwenda mbali sana kukuta watu wanaofundisha misingi ya mambo haya.

Nambari alizochagua Ghirardi zinaonekana kama kiraka kilichoshonwa ili kitoshee tundu, na lawama hiyo ni ya haki. Roger Penrose na Lajos Diósi, kila mmoja kwa njia yake, wamependekeza sababu isiyo ya kubuni: mvutano, nguvu ile inayoangusha vitu chini, unaolikataa jumlisho la kitu kizito kikiwa mahali pawili. Faida ya mawazo haya yote ni kwamba yanaweza kukosea. Chembe yenye chaji inayoshtuliwa hutoa mionzi hafifu, na mionzi hiyo ilitafutwa kwa kipande cha jemaniamu ndani ya maabara ya Gran Sasso nchini Italia, chini ya mwamba wa unene wa mita 1,400 unaozuia miale kutoka angani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 hayakuuona mwanga uliotarajiwa, na sura rahisi kabisa ya pendekezo la Diósi na Penrose ikaanguka. Huko Vienna wanakuja kutoka upande mwingine. Mwaka 1999 walipata milia kwa molekuli za kaboni zenye atomu 60. Mwaka 2019 walirudia kwa molekuli za atomu karibu 2,000, zenye uzito zaidi ya mara 25,000 ya atomu ya haidrojeni. Molekuli hizo nazo zilifika moja moja, zikagonga mahali pamoja pamoja, na milia ikatokea vilevile.